Mike Boit, Fundi wa Mizunguko Miwili

Mbio za Mike Boit ninazozienzi kuliko zote ni zile alizomaliza wa pili. Brussels, Agosti 1981, Sebastian Coe wa Uingereza aliweka rekodi ya dunia ya maili, dakika 3:47.33. Nyuma yake akaingia Boit kwa 3:49.45, mtu wa mita 800 aliyekwisha kutimiza miaka 32.

Ufundi wa mita 800 hauonekani upesi. Mzunguko wa kwanza kila mtu ni hodari. Mita 100 za mwisho karibu wote wanapungua kasi, hata yule tunayeapa kwamba amechomoka. Wenzake wamepungua zaidi, basi. Fundi ni yule anayejua, kengele inapolia, miguu imebakiwa na nini. Olimpiki ya Munich 1972, Boit na Mkenya mwenzake Robert Ouko waliongoza kwa ujasiri, Arzhanov wa Muungano wa Kisovieti akawapita, kisha Dave Wottle wa Marekani, aliyeanza akiwa wa mwisho kabisa, akawafikia wote. Boit alipata shaba, sekunde 0.15 nyuma ya dhahabu. Katika michezo hiyohiyo akawa wa nne mita 1,500.

Olimpiki haikumpa nafasi nyingine. Mwaka 1976 Kenya ilisusia pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa ajili ya ziara ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini. Alberto Juantorena wa Cuba akashinda Montreal kwa 1:43.50, mwezi uliofuata Boit akakimbia 1:43.57 Berlin. Mwaka 1980 Kenya ikasusia tena. Dhahabu yake ni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edmonton 1978.

Na kati ya mbio na mbio alikuwa darasani Marekani: Eastern New Mexico, Stanford, kisha Oregon alikopata uzamivu. Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Sisi wa Kianjai tuko kando ya barabara ya Meru kwenda Maua, chuo kikuu kiko jirani Nchiru, na bado mzazi humwambia mwanawe achague: vitabu au mbio. Naielewa hofu hiyo, karo si mchezo. Ila Boit hakuchagua. Subira aliyoitumia uwanjani ndiyo aliyoipeleka maktaba.

Baadaye alikuwa Kamishna wa Michezo, na profesa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwaka 2006, yeye na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanariadha 404 wa Kenya. Waliwauliza walizaliwa wapi, nyumbani wanazungumza lugha gani, shule ilikuwa mbali kiasi gani na walifikaje. Waliofika ngazi ya kimataifa, wengi wao walikuwa wakienda shuleni mbio. Hayo ni maswali ya mtu aliyekimbia mwenyewe, akayapanga kwenye dodoso kama msomi, na yangeweza kuulizwa Kianjai kesho asubuhi.