Waliozamisha Liemba

Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, husifiwa zaidi kwa umri wake. Mimi nawasifu mafundi wake, na hasa wale waliopewa kazi ya kuizamisha.

Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, katika karakana ya Meyer, ikapewa jina la Graf von Götzen, gavana aliyetawala huku wakati watu wa kusini walipoteketezwa katika Vita vya Maji Maji. Ilipokwisha kukaguliwa ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, kisha ikasafirishwa kwa Reli ya Kati kuelekea Kigoma. Aliyewahi kufungua injini ya pikipiki na kuirudisha anaweza kukadiria uzito wa kazi hiyo.

Waliotumwa kuiunga upya ni Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Majina yao hayakosi kutajwa. Mafundi wa Kihindi na Waafrika waliofanya kazi pamoja nao hutajwa kwa jumla tu, na hilo linaniuma, maana meli ya ribiti haiungwi na watu watatu. Ribiti hupashwa moto mpaka iwe nyekundu, ikakamatwa kwa koleo na kutiwa katika tundu la mabamba mawili ya chuma yaliyopandana. Mmoja huikandamiza upande huu, wengine huigonga kwa nyundo upande wa pili mpaka ncha ilale na kuwa kichwa. Ikipoa husinyaa, na kwa kusinyaa huko huyavuta mabamba yakabanana. Ukichelewa, imepoa, ikate, uanze na nyingine. Ndivyo ilivyoungwa meli ya urefu wa mita 71 hivi, kwenye jua la Kigoma, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimekwisha kuanza. Ilishushwa majini Februari 1915.

Haikupita miaka miwili. Julai 1916, adui akikaribia, Wajerumani wakaamua kuizamisha wenyewe. Kuilipua kungekuwa kazi ya dakika chache. Badala yake waliipakia mchanga, wakaipaka mitambo grisi nene, wakaiteremsha taratibu hadi chini, jirani na mlango wa Mto Malagarasi. Bila shaka walitumaini kurudi kuichukua. Hawakurudi. Lakini hebu mfikirie mtu aliyeinama kwenye chumba cha injini siku ile, jeshi lake likirudi nyuma, naye anaingiza grisi katika kila upenyo bila kuruka hata mmoja. Sioni heshima kubwa kuliko hiyo ambayo fundi anaweza kukipa chombo.

Wabelgiji waliiibua, ikazama tena Kigoma. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mitambo ikakutwa bado inafaa. Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikaendelea kwenda kwa mvuke hadi miaka ya 1970, ilipofungwa injini za dizeli.

Waliofaidi grisi ile ni watu wa Karema, Kipili, Kasanga, hadi Mpulungu ng'ambo ya mpaka wa Zambia. Vijiji vingi vya pwani ile havikuwa na gati. Meli ilikuwa ikipiga honi na kusimama mbali, mitumbwi ikaifuata mbio. Mama alimpokeza mtoto kwa mikono iliyonyooshwa kutoka mlango wa ubavuni, kisha naye akapanda, huku magunia ya dagaa yakigombea njia ileile. Mwaka 1997 iliwavusha maelfu ya wakimbizi waliokuwa wakirejea Kongo.

Kila linapozuka suala la kuikarabati, ombi langu kwa mafundi wa leo ni hili: injini badilisheni, vyumba vitengenezeni upya, lakini mabamba ya ribiti ambayo bado ni mazima msiyang'oe. Na safari hii majina yaandikwe yote, kuanzia mhandisi mkuu mpaka kibarua anayekwangua kutu.