Kitufe Ambacho Hakikubonyezwa

Mwaka juzi nilipeleka makala yangu kuhusu utenzi kwa jarida moja la kitaaluma. Miezi mitano baadaye ikaja barua ya adabu kabisa: asante kwa kazi yako, tumeamua kutoichapisha. Maoni ya wapitiaji? Hakuna hata mstari mmoja. Nikanuna, nikasema hawa hata kusoma hawakusoma.

Jarida hilo, kama mengi ya Afrika, linaendeshwa kwa Open Journal Systems, programu huria ya bure. Inatoka kwenye mradi ambao John Willinsky aliuanzisha mwaka 1998 katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Nia yake ni njema: jarida lisilo na pesa lipate ofisi nzima ndani ya kompyuta. Mwandishi anapakia mswada, mhariri anaalika wapitiaji, tarehe ya mwisho inawekwa, vikumbusho vinakwenda vyenyewe. Enzi ya nakala tatu za karatasi kwenye bahasha za kaki siililii hata kidogo.

Lakini sisi wasomaji wa fasihi tuisome programu hii kama tunavyosoma matini yoyote. Barua zake zimeshatungwa. Mhariri akitaka anabadilisha, asipotaka anatuma hivyo hivyo. Mpitiaji naye anapewa orodha fupi ya hukumu: ikubaliwe, irekebishwe, iwasilishwe upya, ipelekwe kwingine, ikataliwe, au tazama maoni. Kwangu mimi uhakiki unaanzia kwenye hilo la mwisho. Mengine ni mihuri tu.

Mwaka jana nikaombwa kusaidia uhariri wa jarida jingine, ndipo nikauona mfumo kwa ndani. Mhariri anapoandika barua ya uamuzi, kuna kitufe cha kuingiza humo maoni ya wapitiaji. Asipokibonyeza, na asiyaweke kwa njia nyingine, barua inaondoka bila maoni. Nilikitazama kitufe kile kwa muda mrefu.

Usiku huohuo nikamwandikia yule mhariri aliyenikataa. Kesho yake akajibu kwa kuomba radhi, akaambatisha kurasa mbili. Mpitiaji mmoja alikuwa amehesabu mizani ya beti nilizonukuu, moja baada ya nyingine. Mimi nilikosea hesabu, na hoja yangu nzima ilisimama juu ya kosa hilo. Nikahesabu upya. Alikuwa sahihi.

Kosa si la programu. Ni la mkono uliokuwa na haraka. Ila chombo kinachorahisisha kila hatua kinarahisisha pia kuiruka ile iliyo ngumu. Simjui mtu yule aliyenisomea kwa makini kiasi kile, na kwa mwaka mzima nilikuwa namsema vibaya.

Wahariri, tafadhalini, kabla ya kutuma, bonyezeni hicho kitufe.