Peponi na Khitilafu za Wasomaji Wake

Riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na mwaka ule ule ikaingia katika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker, lakini nyumba nyingi za pwani hazikupata khabari zake. Mwandishi huyu, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 2021, na Bi Ida Hadjivayanis alipotuletea kitabu kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, ndipo kila mtu akawa na neno. Wako wanaokisifu kwa ajili ya tuzo tu, na hao tuwaache, kwani sifa ya mtu ambaye hakusoma haina uzito. Maneno yangu ni juu ya wale waliosoma na bado hawakukubaliana.

Amma kisa chenyewe ni hiki. Yusuf, mtoto wa miaka 12 katika mji wa Kawa, anachukuliwa na tajiri Aziz, naye anadhani kuwa anakwenda kwa jamaa. Kumbe baba yake ana deni, na mtoto ni rehani. Dukani anamkuta Khalil, rehani mwenziwe, na huyo ndiye anayemfahamisha kwamba tajiri yule si ndugu yao hata kidogo. Baadaye anafuatana na msafara wa biashara hadi bara, anaona watu wakifa njiani na mali ikiporwa kwa Chatu, na akirudi anaambiwa kuwa baba yake amekwisha kufa na mama yake hayupo tena katika nyumba ile. Basi kila anapofungua mkono anakuta kimepotea kitu.

Khitilafu ya kwanza ni juu ya Sura Yusuf. Wako wasemao kuwa mwandishi ameifanyia mzaha: ametwaa jina la Nabii Yusuf (A.S.), akamwita tajiri Aziz, akamweka na Bi Zulekha (na jina hili halimo katika Kurani Tukufu, ni la wapokezi), akaileta hata kanzu iliyoraruliwa kwa nyuma. Mimi sikuona mzaha. Nimeona mtu aliyelelewa na Sura ile, naye anauliza hali ya mtoto asiyepata tafsiri ya ndoto wala ufalme wa Misri. Kanzu inamtakasa mbele ya tajiri, na bado anabaki katika mkono wa tajiri yule yule.

Na tofauti kubwa, ambayo wengi wanaipita mbio, ni ya baba. Katika Sura, ndugu ndio waliotenda, na Nabii Yaakub (A.S.) akalia hata macho yake yakawa meupe. Katika riwaya, baba ndiye aliyemtoa mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Hapana anayemlilia huku nyuma isipokuwa mama, na kilio chake hatukisikii sana. Tuliosoma fiqhi twajua kuwa rehani ni ya mali, na mtu huru si mali, na Mtume (S.A.W.) ametuambia kuwa amwuzaye mtu huru akala thamani yake, Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa khasimu wake Siku ya Kiyama. Basi huyu Aziz, mwenye kuswali, mwenye manukato mazuri na maneno ya upole, amesimama wapi? Kitabu hakimtukani hata mara moja. Ukali wake umo humo.

Wengine wanasema kuwa riwaya ya huzuni namna hii inaondoa subira katika moyo wa msomaji, kwa kuwa kila kilichopotea hakirudi. Hoja hii naiona dhaifu. Mtume (S.A.W.) alimlilia mwanawe Ibrahim, na hapana aliyesema kuwa subira yake ilipungua.

Khitilafu iliyo nzito zaidi ni ya pwani na bara. Jamaa zangu wa pwani wanalalamika kuwa kitabu kinatuaibisha, kinawaonyesha wafanya biashara wa Kiislamu kama wakamata watoto, nasi tumechoka kusimangwa. Lakini mimi nasomesha huku Matema, mwisho wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone, na watu waliokisoma huku walinambia kinyume chake: kwamba mwandishi amewahurumia mno watu wa msafara. Hawakusema hayo kwa chuki. Ng'ambo ya mto Songwe, huko Karonga, alikaa Mlozi, mfanya biashara wa pembe na watumwa, aliyewashambulia Wangonde mwaka 1887. Vita vyake na Waingereza vikaendelea kwa vipindi mpaka waliponyonga mwaka 1895. Wangonde na Wanyakyusa ni ndugu wa lugha moja. Kwa hiyo msafara ambao Yusuf anauona kutoka ndani, wao wanausoma wakiwa wamesimama nje ya boma. Mtu wa pwani akitaka kuhukumu kitabu hiki naamshauri asimame mahali hapo walau kwa sura moja, ile ya Chatu, asikilize malalamiko ya Chatu kabla ya kumwita mshenzi.

Kasoro zipo. Safari ya bara inachosha katikati, na Amina, dada yake Khalil wa kulelewa, ambaye naye aliwekwa rehani kisha akaolewa na tajiri, anapewa kusema mwishoni tu, na akisema kidogo tunajua kuwa yeye ndiye aliyepoteza kuliko wote.

Mwisho wa kitabu ndio ugomvi wa kila baraza. Askari wa Kijerumani wanapita wakikusanya wapagazi, na Yusuf aliyejificha anatoka akawakimbilia. Kijana mmoja wa hapa alishikilia kuwa amekimbilia uhuru. Mama mmoja, mwenye mtoto aliyepelekwa Mbeya kufanya kazi dukani, akamjibu kuwa asome vizuri: Yusuf amesikia nyuma yake, bustanini, sauti kama ya milango inayokomewa, na mwandishi hakumtaja aliyeikomea.