Petroli Haifiki Pale

Kopo la pili lilipomiminwa ndani ya tangi, kazi ilikuwa imeshaharibika. Gari ni Demio ya Skyactiv, injini ya 1.3, ya shemeji yangu anayefundisha upande wa Bungoma. Mahali ni gereji moja hapa Kitale. Ugonjwa ni misi ya asubuhi kwenye silinda ya 1, injini ikitetemeka mpaka ipate joto. Fundi alipima kwa kompyuta, akabadilisha plagi, akahamisha koili kwenda silinda nyingine kuona kama misi itaifuata. Haikuifuata. Hapo sina neno.

Kisha akaamua. "Mwalimu, valvu zako za kuingiza hewa zimejaa kaboni. Dawa hii ikiwa kwenye tangi itaiyeyusha yote kabla hujafika Kiminini."

Tuirudie dakika ile polepole, maana kila mmoja wenu ameiona ikitokea. Kuishuku kaboni kulikuwa sawa. Lakini injini hiyo inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Mgongoni mwa valvu ya hewa petroli haipiti hata tone. Kinachopita ni hewa, mvuke wa oili unaorudishwa kutoka krankesi, na moshi kidogo unaorejeshwa. Mvuke huo hugandia kwenye chuma cha moto, tabaka juu ya tabaka, na hakuna cha kuuosha. Dawa ya tangi husafiri na petroli: pampu, nozeli, silinda, sailensa. Valvu ile haimo katika safari hiyo. Ungemimina makopo kumi, kaboni ingebaki pale pale.

Kinachoniuma ni kwamba kamera ndogo ya kuchungulia ilikuwa ndani ya sanduku lake. Niliiona kwa macho yangu. Kufungua manifoldi ya hewa ni boliti chache na gasketi. Angechungulia, angemwonyesha mwenye gari, wote wangejua. Badala yake mwalimu alilipia makopo mawili na kurudi Bungoma na misi yake.

Sisemi dawa hizi ni maji matupu. Zenye polietheramini husafisha nozeli kweli, na kwenye Probox ya 1NZ, ambayo nozeli yake hupulizia mgongoni mwa valvu, huosha na valvu pia. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kililinganisha petroli zenye sabuni ya kutosha na zile za kawaida. Zile za kawaida ziliacha uchafu mara 19 zaidi. Ila Probox kupona hakuifanyi Demio ipone. Mitsubishi ilianza kuuza injini ya GDI, inayopuliza ndani ya silinda kama ya Demio, mwaka 1996, Toyota ikaja na D-4 yake, na magari hayo yamejaa barabara ya Webuye. Fundi wa leo hana udhuru wa kutouliza kwanza: nozeli iko wapi?

Na ninarudia kilio changu cha thamostati, hata kama mmechoka nacho. Tunaing'oa eti injini isichemke, halafu kwenye baridi ya Kitale injini haifikii joto lake, kompyuta inazidisha petroli, masizi yanajaa. Kisha tunanunua dawa ya masizi.

Mafundi wa zamani, wa enzi za Peugeot 504, hawakufanya hivyo. Mji huu uko karibu mita 1,900 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopimiwa pwani ilikuwa ikilewa petroli hapa. Walibadilisha jeti. Kaboni ilipozidi walishusha hedi, wakakwangua pistoni kwa kipande cha mti ili wasiichubue, wakasaga valvu kwa mkono. Joginder Singh alikuwa makanika kabla ya kushinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976, na watu wa kizazi chake walijifunza kufungua kwanza ndipo waseme.

Misi ya Demio haikuondoka. Wiki ya tatu tuliipeleka gereji nyingine, manifoldi ikatoka. Valvu zilikuwa nyeusi, zimevimba kama zimepakwa lami. Nchi nyingine hupuliza maganda ya jozi yaliyosagwa. Sisi tulizungusha krankishafti mpaka valvu za silinda moja zikafunga kabisa, tukamimina dawa juu ya kaboni yenyewe, tukaiacha ilowe, tukasugua kwa brashi na kunyonya uchafu kwa mashine, silinda moja baada ya nyingine. Dawa ilifanya kazi, kwa kuwa sasa ilikuwa imelala juu ya kitu ilichotengenezewa. Ilichukua nusu siku na gasketi mpya. Silinda ya 1 ndiyo iliyotukawiza: tuliilowesha mara tatu kabla ya kuona chuma.