Baraza la Muyinga

Maktaba ya Muyinga, kaskazini mashariki mwa Burundi, ilikamilika mwaka 2012 kwa usanifu wa BC Architects wa Brussels. Picha yake inayosambazwa zaidi ni ya wavu wa kamba za mkonge uliotandazwa juu ya chumba, watoto wamejilaza humo wakisoma. Wavu unapendeza, nakubali, lakini naona umetazamwa mno hata baraza likasahauliwa.

Baraza hilo linakwenda sambamba na jengo, chini ya paa lililotokeza nje. Milango iliyo kati ya nguzo ikifunguliwa, chumba cha vitabu na baraza huwa kitu kimoja. Maktaba ni jengo la kwanza la shule iliyokusudiwa watoto viziwi na wenzao wanaosikia; mtoto anayezungumza kwa mikono anahitaji kuonekana kwa mbali, na ukuta ungemnyima hilo. Aliyekulia Bwera haoni ugeni: kwetu habari za mpakani Mpondwe hufika barazani kabla ya kuingia sebuleni.

Kuta ni za matofali ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa, na paa ni miti ya mikaratusi iliyofunikwa vigae. Hapa ndipo ninapowaonea wivu. Kasese tunaezeka mabati. Mvua ikianza, mwalimu hunyamaza hadi ipungue, na jua likiwaka bati lile lile hutuoka. Kigae hakina kelele hizo.

Hata hivyo, nisingependa mtu auchukue mchoro huo na kuuleta Rwenzori kama ulivyo. Vigae ni vizito, ndiyo maana nguzo za Muyinga zimesogeleana, kiasi cha mita 1.3. Sisi tunaishi katika bonde la ufa. Tetemeko la tarehe 20 Machi 1966 liliua zaidi ya watu 100 pande hizi. Uzito juu ya vichwa vya wasomaji si jambo la kuiga kwa macho. Wajapani wanalijua: Sendai Mediatheque ya Toyo Ito, iliyofunguliwa 2001, imebebwa na minara 13 ya mabomba ya chuma, nayo ilibaki imesimama baada ya tetemeko la 2011. Fedha za chuma hicho hatuna. Bati jepesi lenye dari ya matete chini yake, pamoja na baraza pana, tunaliweza. Fundi wa Bwera angeuliza tu matete yatatoka wapi.