Funksheni Iliyorudi Mikono Mitupu

Kosa lilikuwa neno moja: `void`. Mliokuwa kwenye somo la lugha ya programu ya Java pale Tunda mliliona likiandikwa, na hapo ndipo programu ilipoanza kuharibika.

Kazi ilikuwa kukokotoa eneo la parseli. Mwalimu akaandika funksheni `eneo`, akaipa urefu na upana, akazidisha, halafu humo humo ndani akatia `System.out.println`. Mita 12 kwa 8, skrini ikatoa 96, darasa likapiga makofi. Majina ya vigeu yalisomeka vizuri, hilo alilipatia.

Kisha mama mmoja akauliza: parseli zangu ni mbili na zimepakana, jumla yake ni ngapi? Mwalimu akajaribu kujumlisha `eneo` mara mbili, Java ikakataa, na ilikuwa na haki. Funksheni ya `void` hairudishi kitu. Unamtuma mtoto sokoni akalete chumvi, anarudi anatangaza mlangoni kwamba chumvi ameiona, mkononi hana kitu. Utatia nini kwenye sombe?

Dawa ilikuwa kufuta `void`, kuandika `double`, kuweka `return urefu * upana;` na kuiachia `main` kazi ya kuchapa. Dakika moja. Mwalimu akanakili fomula ile ile kwenye funksheni ya pili, `eneoLaMbili`, yenye namba nne, zote `int`. Parseli ya pili ilikuwa mita 10 kwa 7.5. Java ikakataa tena, akailazimisha kwa `(int)`, 7.5 ikawa 7. Badala ya 75 tukapata 70. Mita tano za mraba ni jiko la nje zima! Na angekuja mwenye parseli tatu, ingeandikwa funksheni ya tatu.

Nimelisema hili miaka mingi kuhusu `Scanner`, ile ya kusoma anachoandika mtumiaji, pia: funksheni ya hesabu isiulize mtu, isichape, ipokee na irudishe. `Math.sqrt` imekuwa ikifanya hivyo kimya kimya tangu Java ya mwanzo.

Wazee wetu walilijua hili kabla Java haijazaliwa. Huko Cambridge, kwenye kompyuta ya EDSAC iliyoanza kazi 1949, David Wheeler alibuni namna ya subrutini, yaani funksheni za wakati ule, kukumbuka ilikoitwa ili irudi pale pale. Yeye, Maurice Wilkes na Stanley Gill walijenga maktaba ya subrutini kwenye riboni za karatasi zilizotobolewa, wakaieleza katika kitabu cha 1951. Kuchapa kulikuwa na subrutini zake, hesabu zake. Walikuwa na kumbukumbu finyu mno, na hawakuchanganya kazi hizo mbili. Sisi tuna kompyuta za mapajani, tunachanganya.

Yule mama aliandika 166 kwenye daftari lake, akalifunga. Parseli zake ni mita za mraba 171.