Kupima Ubora wa Gita la Umeme Lililorekodiwa kwa Modela

Modela ya amplifaya ni kifaa au programu inayoiga kidijitali yale ambayo amplifaya, spika yake na maikrofoni iliyo mbele yake huitendea sauti ya gita, na kwa hiyo humwezesha mpigaji kurekodi nyumbani bila kuwasumbua majirani. Tangu kampuni ya Line 6 ilipotoa modela ya POD mwaka 1998, wanunuzi wengi wamevutwa na majina ya amplifaya zilizoigwa, ilhali ubora wa rekodi hupimwa kwanza kwa jinsi ilivyouhifadhi mkono wa mpigaji.

Kipimo cha kwanza ni mahali sauti inapoingilia. Pikapu, yaani sumaku na koili zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, huhitaji tundu lenye ukinzani mkubwa, kwa kawaida karibu ohm milioni 1. Gita likichomekwa kwenye tundu la ohm 10,000 hivi lililokusudiwa kinanda, sauti za juu hufifia kabla hata hazijaifikia modela.

Kipimo cha pili ni mwitiko. Modela huwekwa pale ambapo sauti safi inakaribia kukwaruza, kisha noti moja hupigwa kwa upole na kurudiwa kwa nguvu: ile ya kwanza yapaswa kubaki safi na ya pili ikwaruze, na kitufe cha sauti cha gita kikipunguzwa, mkwaruzo nao upungue hatua kwa hatua. Noti hiyo iachwe ife yenyewe, kwa maana mkia unaokatika ghafla au kutatarika ni dalili ya modela dhaifu, au ya kizuia mvumo kilichokazwa kupita kiasi. Uchelewaji kati ya kupiga uzi na kusikia sauti nao huhesabiwa: milisekunde 10 ni sawa na kusimama mita 3.4 kutoka kwenye spika, na ukizidi sana hapo mpigaji huanza kuburuta mapigo.

Kipimo cha tatu, ambacho ndicho kizito kuliko vyote, ni spika. Spika ya gita ya inchi 12 hupunguza sana masafa yaliyo juu ya hertz 5,000 hivi, na bila kazi hiyo mkwaruzo huvuma kama nyuki ndani ya debe. Modela nyingi hutumia faili la mwitiko, yaani kumbukumbu fupi ya jinsi spika, kasha lake na maikrofoni vilivyoitikia mlio wa majaribio; kwa kuwa maikrofoni iliyoelekezwa katikati ya spika hutoa sauti kali na ya pembeni hutoa sauti nzito, kubadili faili hilo mara nyingi huleta tofauti kubwa kuliko kubadili amplifaya.

Hatimaye rekodi isikilizwe pamoja na vyombo vingine. Katika muziki wa dansi, ambamo gita la solo na la rizimu hujibizana kwa sauti safi, mwangwi mwingi na besi nyingi hupendeza gita likiwa peke yake lakini hufunika majibizano hayo. Besi hudanganya pia kwa njia nyingine: watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio husikia besi kwa udhaifu sauti inapokuwa ndogo. Basi anayepanga sauti usiku kwa kunong'oneza huongeza besi kupita kiasi, na hana budi kuihakiki mchana kwa sauti ya kawaida, akilinganisha rekodi zenye ukubwa sawa wa sauti, kabla ya kuikubali.